Mwani mdogo kwenye majitaka: namna ya kuanzisha bwawa la kusafisha maji na kupata biogesi

Maswali yanayonifikia kuhusu mwani mdogo, yaani vijimea vya kijani vya kwenye maji visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, ni yaleyale matatu: nianze na mwani gani, bwawa liwe na kina gani, na nitapata lita ngapi za dizeli kutokana na mafuta yake. Mawili ya kwanza nitayajibu ndani ya hatua. La tatu ndilo linalowaponza watu, kwa hiyo tulimalize kabla hujashika jembe.

Chukua bwawa la mita za mraba 10. Bwawa la wazi linalotunzwa na kupata jua la kutosha hutoa kama gramu 10 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa bwawa zima, hiyo ni gramu 100. Mwani uliokulia kwenye majitaka umeshiba nitrojeni, na mwani ulioshiba nitrojeni hujenga protini zaidi kuliko mafuta. Tuseme mafuta yake ni asilimia 15. Unapata gramu 15 kwa siku, nazo zimefungiwa ndani ya seli zenye ukuta mgumu, seli zenyewe zimelowa maji. Ukishauvuna na kuukamua mpaka ukawa uji mzito, bado gramu 100 hizo zimebeba kama gramu 400 za maji. Kuyachemsha maji hayo mpaka yaishe kunataka karibu kilojuli 1,000 za joto. Mafuta yako yote ya siku hiyo yana kilojuli kama 550. Hata ukiachia jua likukaushie bure, bado kuna kuvunja seli, kutoa mafuta na kuyageuza kwa methanoli, kimiminika chenye sumu kinachoshika moto upesi.

Wizara ya Nishati ya Marekani iligharamia utafiti wa dizeli ya mwani kuanzia 1978 hadi 1996, na ilipoufunga bei ya dizeli hiyo ilikuwa bado haiwezi kushindana na mafuta ya petroli. Kwa upande mwingine, William Oswald na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wameshaonyesha tangu miaka ya 1950 kwamba bwawa la kina kifupi lenye mwani na bakteria husafisha majitaka vizuri. Mwongozo huu unafuata njia hiyo ya pili. Kazi yako ni kusafisha maji. Nishati utaipata kama biogesi, kwa kuozesha mwani ukiwa mbichi, bila kukausha wala kukamua.

Nadharia unayohitaji ni hii tu. Bakteria hula uchafu kwa kutumia oksijeni na kutoa hewa ukaa. Mwani hutumia hewa ukaa hiyo, jua, nitrojeni na fosforasi ya majitaka, kisha hurudisha oksijeni kwa bakteria. Ukivunja upande mmoja wa biashara hiyo, mwingine hufa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Majitaka yanayopatikana kila siku na yasiyobadilikabadilika sana: ya nyumbani, ya kuoshea mabanda ya mifugo, au ya kusindika vyakula. Usiguse majitaka ya viwanda yenye metali, rangi, viuatilifu au mafuta ya mitambo. Metali huingia kwenye mwani na kubaki humo.
- Tangi la kutuliza lenye koki mbili, moja juu kidogo na nyingine chini kabisa.
- Mahali pa wazi penye jua siku nzima, na turubai nene lisilovuja.
- Kikorogeo: gurudumu la makafi linaloendeshwa na mota ndogo, au pampu ya kusukuma maji yazunguke.
- Kipimo cha pH (kinachoonyesha maji yana tindikali au magadi kiasi gani), kipimajoto, na vipimo vya rangi vya amonia (sura ya nitrojeni kwenye majitaka) na fosfeti (sura ya fosforasi) kama vile vya wafugaji wa samaki wa mapambo.
- Sahani nyeupe ndogo iliyofungwa kwenye mwisho wa kijiti chenye alama za sentimita. Utakitumia kila siku.
- Chupa za kioo safi, ndoo nyeupe, na pipa.
- Chokaa iliyozimwa, na kitambaa cha kuchujia.
- Mtambo mdogo wa biogesi, au pipa lisilopitisha hewa lenye mfuko wa gesi.
- Glovu ndefu, buti za mpira, miwani ya kukinga macho, sabuni.

Hadubini inayokuza mara 400 si lazima, lakini mwenye nayo hutambua tatizo siku mbili kabla ya asiye nayo. Na kabla ya yote, iulize mamlaka inayosimamia maji na afya mahali ulipo kama unahitaji kibali, hasa kama maji yatatoka nje ya eneo lako.

Hatua za kazi

1. Yajue majitaka yako. Pima pH na amonia kwa siku kadhaa, asubuhi na jioni. pH kati ya 6.5 na 8.5 ni nzuri. Majitaka ya nyumbani kwa kawaida huwa na miligramu 20 hadi 70 za nitrojeni kwa lita, na mwani huyavumilia bila shida. Maji ya kinyesi cha mifugo yanaweza kufika elfu na zaidi, na hayo lazima uyazimue, mara nyingi mara 10 hadi 20. Lengo ni amonia isizidi miligramu 50 hivi kwa lita wakati wa kuanza. Tazama na rangi pia. Maji meusi kama kahawa hayapitishi mwanga hata yakiwa na virutubisho vyote vya duniani.

2. Tuliza. Acha majitaka kwenye tangi kwa siku moja hadi mbili. Engua mafuta yanayoelea. Tope la chini litoe kwa koki ya chini na ulipeleke moja kwa moja kwenye mtambo wa biogesi, maana ni chakula kizuri cha gesi kuliko hata mwani wenyewe. Kwenye bwawa yaende maji ya juu tu.

3. Jaribu kwenye chupa kwanza. Usiruke hatua hii. Panga chupa tano: ya kwanza iwe na majitaka asilimia 10 na maji safi 90, ya pili 25, ya tatu 50, ya nne 75, ya tano majitaka matupu. Kila moja tia kiasi sawa cha mbegu ya mwani (hatua ya 4 inaeleza pa kuipata), kama sehemu moja kwa tano. Ziweke mahali penye mwanga mwingi usiochoma, uzitikise asubuhi na jioni, mdomo ukiwa umezibwa kwa kitambaa ili hewa ipite. Baada ya siku saba chagua chupa yenye majitaka mengi zaidi kati ya zile zilizokuwa kijani kibichi. Hicho ndicho kipimo cha kuanzia bwawani. Iliyobaki ya kijivu na kunuka imekupa jibu kwa gharama ya lita moja ya maji badala ya lita elfu tatu.

4. Tafuta na uzidishe mbegu. Chlorella na Scenedesmus ndio mwani unaoaminika kwenye majitaka. Unaweza kupata mbegu kutoka maabara, lakini kwa bwawa la wazi mimi napendelea ule wa mahali penyewe: ule ukijani unaoota wenyewe kwenye dimbwi la majitaka lenye jua. Umeshazoea joto la hapo, maji ya hapo na wadudu wa hapo. Uchuje kwa kitambaa ili kuondoa mabuu na takataka, kisha uzidishe hatua kwa hatua: chupa, ndoo, pipa, bwawa. Kila mara usiongeze ujazo zaidi ya mara tano hadi kumi. Mbegu kidogo ndani ya maji mengi hushindwa na bakteria.

   Wengi huniuliza kuhusu Botryococcus kwa sababu wamesoma kwamba ina mafuta mengi. Ni kweli inayo, lakini hukua polepole mno na kwenye bwawa la wazi itafunikwa na mwani mwingine kabla hujapata kitu.

5. Jenga bwawa. Umbo linalofaa ni la mviringo mrefu wenye ukuta mmoja katikati, maji yazunguke kama wakimbiaji uwanjani. Kwa mita za mraba 10, urefu wa mita 5 na upana wa mita 2 unatosha. Kina cha maji kiwe sentimita 30. Wanaoanza hupenda kuchimba kina cha mita moja wakidhani wataongeza mavuno. Hawaongezi chochote, kwa sababu mwani wa juu huzuia mwanga, na wa chini hukaa gizani ukila oksijeni badala ya kuitoa.

   Mwendo wa maji uwe kama sentimita 20 kwa sekunde. Kuupima ni rahisi: angusha jani juu ya maji, likienda mita 2 kwa sekunde 10 uko sawa. Angalia na pembe za mizunguko. Pakikaa tope hapo, paoze, na harufu itakuja kutoka pembeni wakati katikati ni kuzuri. Zibe pembe hizo kwa mkunjo wa turubai.

6. Anzisha. Tia mbegu kutoka kwenye pipa, jaza mpaka theluthi ya bwawa kwa mchanganyiko uliouchagua kwenye chupa, washa kikorogeo, kisha uache siku tatu hadi tano. Ukijani ukishika, ongeza theluthi nyingine, halafu ya mwisho. Usilishe kila siku bado. Shusha sahani nyeupe polepole kwenye maji. Kina ambacho haionekani tena ndicho kipimo chako. Ikipotea kwenye sentimita 10 hadi 15, mwani umekuwa mwingi vya kutosha na unaweza kuanza ratiba.

7. Lisha kila siku. Bwawa hili lina lita 3,000. Ukitoa lita 500 na kuingiza 500 kila siku, maji yanakaa siku sita, na huo ni mwanzo mzuri. Wakati wa joto na jua kali unaweza kushuka hadi siku nne. Kukiwa na baridi au mawingu nenda hadi nane au kumi. Toa kwanza, ndipo uingize, na fanya hivyo asubuhi jua likianza kupanda. Ukilisha jioni, bakteria watamaliza oksijeni usiku mzima wakati mwani hautoi, na asubuhi utakutana na harufu.

   Usitegemee mwani kumeza kila kitu. Gramu 100 za mwani zina takriban gramu 8 za nitrojeni na gramu 1 ya fosforasi. Zikigawanywa kwa lita 500, umetoa miligramu 16 za nitrojeni na 2 za fosforasi kwa kila lita. Sehemu nyingine ya nitrojeni hupotea hewani kama amonia au hugeuzwa na bakteria kuwa nitrati. Kama majitaka yako yana kiasi kikubwa zaidi, ongeza eneo la bwawa, maana ukiongeza kasi ya kulisha hutafika popote.

8. Lisome bwawa. Kila siku saa ileile pima pH, joto na kina cha sahani, na uandike kwenye daftari. Kisha chota maji kwenye chupa ya kioo uyaelekeze kwenye mwanga. Maji mazima yana ukijani uliotawanyika sawasawa. Ukiona nukta nyeupe zinazorukaruka, nenda kwenye sehemu ya matatizo hapa chini leo hii, usingoje kesho.

   pH hupanda mchana kwa sababu mwani unamaliza hewa ukaa. Hadi 9 si tatizo. Inapopita 9.25 hivi kwenye joto la nyuzi 25, zaidi ya nusu ya amonia iliyomo inakuwa katika hali ya gesi, na hiyo ni sumu kwa mwani wenyewe. Mwenye biogesi anaweza kupuliza ndani ya maji moshi wa gesi iliyoungua vizuri na kupoa, maana kila kilo ya mwani mkavu hutumia karibu kilo 1.8 za hewa ukaa. Asiye nayo aongeze kiasi kidogo cha majitaka mapya mchana, bakteria watafanya kazi hiyo.

9. Vuna. Hapa ndipo miradi mingi huharibikia. Mwani uliobaki ndani ya maji ni uchafu uleule uliobadilisha rangi. Ukiumwaga mtoni utakufa, utaoza, na utakula oksijeni ya samaki. Nitrojeni na fosforasi huwa zimetoka majini siku ile unapouinua mwani kutoka kwenye maji.

   Njia ya kwanza ni kuutuliza bure. Maji yanayotoka bwawani yapitishe kwenye pipa lenye kitako cha koni, yatulie saa kadhaa. Sehemu ndogo ya mwani uliozama irudishe bwawani kila siku. Baada ya wiki kadhaa utakuwa umechagua, bila kujua majina yao, mwani wa kukaa kwa mafungu na kuzama wenyewe. Hili limenisaidia kuliko dawa yoyote niliyojaribu.

   Njia ya pili ni chokaa. Koroga chokaa iliyozimwa kwenye maji hadi pH ifike karibu 11, koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika kumi. Utaona madonge ya kijani yakijikusanya kama maziwa yaliyokatika, halafu yashuke. Jaribu kwanza kwenye chupa ili ujue kipimo chako. Maji ya juu yaache yapigwe na hewa mpaka pH ishuke chini ya 9 kabla ya kuyatumia. Shabu nayo hufanya kazi, lakini aluminiamu yake hubaki kwenye mwani na kwenda nayo kwenye mtambo, kwa hiyo mimi siitumii.

   Uji uliozama uchuje kwa kitambaa. Hauhitaji kukauka.

10. Tengeneza gesi. Mwani una nitrojeni nyingi mno kwa ajili ya kuozeshwa peke yake: kaboni kwa nitrojeni ni kama 6 hadi 10 kwa 1, wakati bakteria wa gesi wanapenda 20 hadi 30 kwa 1. Ukiulisha peke yake, amonia itajaa na gesi itapungua. Changanya na tope la tangi la kutuliza pamoja na majani makavu yaliyokatwakatwa, karatasi zisizo na rangi, au mabaki ya nafaka. Anzisha mtambo kwa tope la mtambo mwingine au samadi mbichi ya ng'ombe. Joto zuri ni karibu nyuzi 35. Nyenzo zikae humo siku 30 au zaidi, kwa kuwa ukuta wa seli za mwani ni mgumu kuoza.

    Gramu 100 za mwani kwa siku zitakupa takriban lita 25 za methani, ile sehemu ya biogesi inayowaka, yaani kama lita 40 za biogesi. Jiko dogo hutumia lita 200 hadi 450 kwa saa. Mwani wa bwawa hili pekee utakupa dakika chache za moto, na nyingi zaidi zitatoka kwenye tope na majani uliyochanganya. Nakuandikia wazi ili upange ukubwa wa bwawa ukijua hesabu.

    Tope linalotoka kwenye mtambo lina amonia nyingi. Lizimue ulirudishe bwawani kidogokidogo, au ulitumie kama mbolea kwenye miti.

Tahadhari zisizo na mjadala

Methani ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka. Usiweke mtambo ndani ya nyumba, usiwashe moto karibu nao, na tafuta uvujaji kwa povu la sabuni. Gesi yenye harufu ya yai bovu ni sumu, na ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo harufu kupotea ghafla si dalili ya usalama. Usiingie wala kuinamia ndani ya tangi au mtambo kamwe.

Chokaa huunguza macho na ngozi. Vaa miwani na glovu.

Maji yaliyotoka bwawani hayanywewi, hata yakiwa maangavu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 uliweka kikomo cha bakteria 1,000 wa kinyesi kwa mililita 100 kwa maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi. Bila kipimo cha maabara, mwagilia miti na majani yasiyoliwa tu. Na mwani wa majitaka usimlishe mtu wala mnyama.

Matatizo ya kila siku

*Bwawa lilikuwa kijani, ndani ya siku mbili limekuwa la kahawia au angavu.* Umevamiwa. Mara ya kwanza iliponipata nilifurahi nikidhani maji yamesafishika. Nilipoinua chupa kwenye mwanga niliona vijidudu vyeupe, vingine vikirukaruka kama viroboto, vingine vidogo zaidi vikizunguka polepole. Hao wa kwanza ni viroboto-maji, wa pili ni rotifera, na wote hula mwani. Sikuwa na akiba ya mbegu, nikaanza upya kutoka chupani, na iligharimu mwezi mzima. Fanya hivi: chuja maji ya bwawa kwa kitambaa kizito kuondoa viroboto-maji, punguza siku za maji kukaa hadi tatu au chini yake kwa wiki moja, ili rotifera watoke na maji kabla ya kuzaana, na kama amonia ipo, acha pH ipande hadi 10 kwa saa chache. Amonia huwaua wadudu hao, mwani huzubaa lakini hurudi. Akiba ya mbegu kwenye ndoo mbili zilizofunikwa kwa kitambaa isikose tena.

*Harufu mbaya asubuhi.* Oksijeni imekwisha. Punguza chakula kwa nusu siku mbili, kagua mwendo wa maji, ondoa tope la pembeni.

*Mwani unanata kwenye kuta badala ya kuelea.* Mwendo ni mdogo. Sugua kuta kwa ufagio kila siku tatu, na uvune kile kinachobanduka.

*Ukijani unafifia na kuwa wa manjano, wadudu hawapo.* Mwani una njaa. Pima amonia: ikiwa karibu sifuri, ongeza majitaka. Ikiwa bado ipo nyingi, angalia pH.

*Madonge ya chokaa hayazami.* Umekoroga kwa nguvu muda mrefu mno ukayavunja, au pH haijafika. Anza tena kwenye chupa.

*Mtambo unatoa gesi lakini haiwaki.* Wiki za kwanza gesi huwa hewa ukaa kwa sehemu kubwa. Iachie itoke mahali pa wazi, usilishe zaidi, subiri. Ikiendelea baada ya mwezi, pima pH ya tope. Chini ya 6.5 umelisha kupita kiasi: simamisha chakula wiki moja, tia chokaa kidogo iliyokorogwa kwenye maji, upime tena. Zaidi ya 8 na harufu kali ya amonia, mwani umezidi: lisha majani makavu na karatasi tupu mpaka moto ushike rangi ya bluu.